Vakansi ya Noeli Shasha: kipi ununue, kipi uokote

Ukiwa na pesa kidogo ya kuwashughulisha watoto wadogo wakati wa vakansi ya Noeli hapa Shasha, nunua sabuni kwanza. Najua si jibu analotaka mtu aliyeuliza habari za rangi na karatasi. Lakini mtoto wa miaka minne akishaachiwa udongo, makala na mgomba, gharama inayofuata haiko butiki, iko kwenye beseni la kufulia. Tena huku kando ya Ziwa Kivu kipindupindu tunakijua. Mikono inayotoka kwenye udongo na kwenda moja kwa moja kwenye sahani ya sambaza inaweza kukuletea hasara ambayo boksi la rangi halina uwezo wa kuifidia.

Sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito ni kwamba watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano hawana pengine pa kujifunzia kushika kalamu. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019, kwa kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, ni ya shule ya msingi. Shule ya gardienne haimo, na mzazi anayetaka kumpeleka mtoto huko analipa, kama ipo karibu. Kwa hiyo mtoto wa umri huo hana shule ya kupumzika. Vakansi kwake ni majuma ambayo kaka na dada wako nyumbani mchana kutwa, na hao ndio walimu wake. Mama yuko shambani au sokoni. Kila ninachokilinganisha hapa nimekipima kwa swali hili: msichana wa miaka kumi anaweza kukisimamia peke yake, bila wembe, bila moto?

Bei zenyewe sitaziandika kwa franka, kwa sababu zingekuwa zimepitwa na wakati kabla hujamaliza kusoma. Kalamu za rangi, rimu na gundi za dukani hutoka Goma, mara nyingi kwa wafanyabiashara wa Birere, zikapitia Sake ndipo zitufikie. Mwezi Februari 2024 mapigano yalifika Shasha na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatika. Januari 2025 Minova, Sake na Goma zilichukuliwa na waasi wa M23 ndani ya juma moja tu, na benki za biashara za Goma zikafunga milango. Tangu hapo, boksi lile lile la rangi linaweza kuwa na bei mbili katika mwezi mmoja, kutegemea vizuizi vya njiani, hali ya noti zako na kama muuzaji ana chenji. Kinachodumu ni uwiano: kipi kinakaa muda mrefu kuliko kingine, kipi kinagawanyika kwa watoto wengi, kipi kinaharibika siku ya kwanza.

Karatasi ndiyo inayotudanganya zaidi. Butiki wanakuuzia A4 moja moja, na kwa kuwa moja ni pesa ndogo, hakuna anayepiga hesabu. Rimu ina karatasi 500; ikiwa ni ya gramu 80, kila karatasi ina uzito wa gramu 5 na rimu nzima ni kilo mbili na nusu, mzigo wa kubebeka mkononi. Nyumba yenye watoto wanne, kila mmoja akipewa karatasi mbili kwa siku kwa majuma mawili ya Noeli, itatumia 112. Likizo kubwa ya Julai na Agosti ingekula karibu 500. Maana yake, nyumba moja isinunue rimu kwa ajili ya Noeli, lakini nyumba nne au tano zikichangia kupitia likelemba yao, kila moja inapata mia au zaidi, kwa bei ya karatasi moja ambayo butiki haitaifikia kamwe. Sioni kwa nini akina mama wanaoweza kuchangiana mbegu na mabati wasichangiane karatasi.

Kabla ya hapo, angalia kilichomo ndani. Mwisho wa mwaka wa shule, mwezi wa saba, kila mwanafunzi anarudi na makaye ambayo kurasa za nyuma hazijaguswa. Watu huziwashia mbabula. Zikikatwa na kuwekwa mahali pakavu hadi Desemba, tayari una karatasi za kuchorea za mtoto mmoja au wawili. Mistari haimsumbui mtoto wa miaka mitatu, inatusumbua sisi.

Kartoni ni bora kuliko karatasi kwa kazi ya kubandika, na kartoni za biskuti na za mafuta hupatikana kwa mwenye butiki, bure kwa mteja wake au kwa pesa kidogo. Mfuko wa saruji pia una karatasi ngumu ya rangi ya udongo, inayofaa sana kwa kinyago cha uso au taji la mfalme wa Noeli. Lakini vumbi la saruji huunguza ngozi na macho. Mtu mzima aukung'ute mfuko mbali na watoto, achague tabaka la katikati, alipanguse kwa kitambaa chenye majimaji. Kama hana muda wa kufanya hivyo, auache.

Kwenye rangi, pesa itumike, kwa sababu hapa ndipo pori na shamba havitoshi. Kuna kalamu za nta, penseli za rangi, kalamu za wino wa rangi na rangi za maji. Kalamu za wino zinavutia macho, nazo ndizo hasara kubwa. Kifuniko kinapotea asubuhi, jioni kalamu imekauka, na aliyetoa pesa analaumiwa kuwa kanunua vitu vibovu. Penseli za rangi zinadumu, ila zinataka kuchongwa, na nyumba nyingi huchonga kwa wembe. Wembe na mtoto wa miaka minne sivichanganyi. Rangi za maji zinataka brashi, kikombe na mtu wa kukaa karibu. Zinabaki kalamu za nta, hasa zile nene. Ni nta na rangi tu, hazikauki, hazichongwi, na zikivunjika vipande vyake vinachora vilevile. Vipande vikiwa vidogo mno, mtu mzima huviweka ndani ya kopo la samaki, kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, vikayeyuka na kuganda kuwa kipande kipya chenye rangi ya ajabu ambacho watoto hukigombania.

Na usinunue boksi kubwa. Crayola walipoanza kuuza kalamu zao Marekani mwaka 1903, boksi lilikuwa na rangi nane kwa senti tano, na nane ni nyingi za kutosha kwa mtoto yeyote. Boksi la rangi 24 za wembamba wa njiti ni la kumfurahisha mzazi. Mtoto atatumia nyekundu, bluu na nyeusi, na atavunja nyingine akitafuta nyekundu. Kati ya kalamu 6 nene na 24 nyembamba za bei moja, chukua 6.

Nyeusi yenyewe usiinunue. Chini ya kila mfuko wa makala kuna vipande vidogo ambavyo havifai kupikia, na juu ya kartoni vinachora vizuri kuliko penseli. Watoto huwa wanajua hilo kabla yetu, tazama kuta. Udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na uji mwepesi wa muhogo hukupa kahawia na nyekundu zinazoshika kwenye kartoni. Majivu meupe hukupa kijivu. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, mafundi wa imigongo wamefanya kazi nzuri kwa samadi ya ng'ombe, majivu na udongo wa rangi, na picha zao zinauzwa kwa wageni kwa dola. Ng'ombe wa Masisi hawana upungufu wa samadi, ingawa sitamlazimisha mama yeyote kuanza na hiyo. Manjano ya unga hutoa njano kali, lakini doa lake kwenye shati halitoki. Majani ya lengalenga yaliyopondwa yanatoa kijani kinachofifia baada ya siku chache. Bluu ndiyo inayokosekana kabisa. Bluu ya kufulia inaweza kutumika kidogo, ikichanganywa na mtu mzima, na isiachwe karibu na mdomo wa mtoto. Ndiyo maana nasema pesa ya rangi iende kwenye kalamu za nta: unanunua bluu, kijani na njano zinazodumu, mengine unayatoa jikoni.

Sasa unga na udongo. Huu ndio ulinganisho ambao vitabu vya malezi kutoka Ulaya huupotosha, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya jiko lisilokosa unga. Unga wa kuchezea unaouzwa kwenye vikopo vya rangi una asili ya kuchekesha: huko Cincinnati, Marekani, ulitengenezwa kwa kusafishia karatasi za ukutani zilizochafuliwa na moshi wa makaa ya mawe, na mwaka 1956 ndipo ulipoanza kuuzwa kama mchezo kwa jina la Play-Doh. Wanaotaka kuutengeneza nyumbani hushauriwa kuchukua unga wa ngano glasi mbili, chumvi glasi moja na maji glasi moja. Ni mapishi mazuri, na yanafanya kazi. Lakini glasi mbili za unga kwa mchezo, jirani anayepika mara moja kwa siku akiona, ni matusi. Mtoto naye anafundishwa jambo baya, kwamba chakula ni takataka ya kuchezea. Chumvi nayo hununuliwa. Kikopo cha dukani nacho kinakauka kikisahaulika wazi usiku mmoja.

Udongo unashinda bila kushindaniwa, na hapa Shasha tuna bahati ambayo watu wa Goma hawana. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mzazi wa huko akitaka udongo mzuri wa kufinyanga, mtu lazima amletee. Sisi tunauchimba kwenye kingo za mifereji na chini ya vilima. Unaofaa ni ule unaonyongwa kama kamba nyembamba na kuzungushwa kidoleni bila kupasuka. Ukipasuka, una mchanga mwingi, tafuta pengine. Toa mawe na mizizi, loweka usiku kucha, kanda hadi usishike tena mikono. Ukinata sana na kupasuka unapokauka, ongeza mchanga laini kidogo. Vitu vikaushwe kivulini pole pole, si juani, na visiwe vinene kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Mabonge yaliyobaki yafungwe katika jani bichi la mgomba au mfuko wa plastiki; yatakaa laini kwa siku nyingi, na yakikauka unaloweka tena. Huo ni mchezo usiokwisha, kwa gharama ya maji na ile sabuni niliyoanza nayo.

Kuna tatizo moja, nalo ni mvua. Desemba bado ni masika yetu, na ng'ombe wa udongo aliyefinyangwa wiki ya Noeli anaweza kufika Bonane akiwa bado mbichi, au akawa tope. Udongo unafaa zaidi Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, ambapo kitu hukauka kwa siku mbili au tatu. Kwa Noeli, wape watoto udongo wa kuchezea na kuvunja, bila kuwaahidi kwamba watabaki na kitu. Kazi za kuweka na kutundika zifanywe kwa kartoni na vitambaa. Anayepanga hivi hatumii hata franka moja zaidi, na hatafuti makala ya kukaushia vinyago jikoni.

Vitambaa navyo viko kwa fundi cherehani. Vipande vya vikwembe vinavyoanguka chini ya mashine yake baadhi ya mafundi huvitupa, wengine huvijaza kwenye mito na kuuza. Muombe wiki moja kabla ya Noeli, wakati kila mtu anashonewa nguo ya sikukuu na vipande ni vingi na vipya. Baada ya Bonane hupati kitu. Kipande cha kikwembe kilichobandikwa kwenye kartoni ni nguo ya Maria, ni bawa la malaika, ni samaki. Gundi usinunue. Chupa ndogo za gundi ya dukani zenye harufu kali si za watoto, na zile nyeupe zisizo na harufu bei yake haieleweki kwa kazi hii. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu glasi ya maji, kikipikwa na kukorogwa hadi kiwe chenye kung'aa, kinabandika kartoni na kitambaa barabara. Najua nimekataa unga hapo juu. Kijiko kimoja sikikatai. Gundi hiyo itumike siku hiyo hiyo, kwani kesho yake inanuka, na panya wanaipenda kuliko watoto.

Sizo ndogo zenye ncha butu ni kitu cha kununua mara moja na kukopeshana. Jozi moja kwa nyumba tatu inatosha. Kabla ya miaka minne, mtoto na apasue karatasi kwa vidole. Kupasua ni kazi nzuri ya mkono kuliko tunavyodhani.

Kuhusu vitu vya plastiki vinavyomiminika sokoni kuelekea Bonane, yaani magari, wanasesere na simu za kulia, sitachukua muda mrefu. Vingi vinavunjika kabla mwezi haujaisha, na kilichovunjika hakitengenezeki. Kwa pesa hiyo hiyo seremala anaweza kukuchongea chukudu ndogo kwa mabaki ya mbao, ya kusukumwa na mtoto wa miaka minne au mitano, ambayo gurudumu likivunjika linachongwa jingine. Goma wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara; sisi tunaweza kumjengea mtoto wetu ya mti. Mpira wa majani ya mgomba na mwanasesere wa maganda yake havigharimu kitu, ila tumia maganda yaliyokauka kabisa. Utomvu wa mgomba mbichi ukikauka kwenye nguo ya kanisani, nguo imekwisha.

Kuna vitu vya bure ambavyo ni ghali kuliko vyote. Tangu mapigano ya 2024, chuma chochote kinachookotwa shambani au kando ya barabara kisiguswe wala kuletwa nyumbani, hata kama kinafanana na kifuniko kizuri cha gurudumu. Betri zilizokufa zisivunjwe ili kutoa ule weusi wa ndani. Mbegu za mbarika zina madoa mazuri yanayovutia mtoto wa kubandika, nazo ni sumu. Yale maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta kwenye ua pia ni sumu, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaunguza. Maharagi makavu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani yanaingia puani na kuvimba kwa majimaji. Mwenye ndugu kati ya Goma na Sake amkumbushe habari ya mazuku, hewa nzito inayoua: hutulia kwenye mabonde madogo karibu na ziwa, hasa usiku na alfajiri bila upepo, na mtoto mfupi anayeinama kuokota mawe meusi huifikia kabla ya mtu mzima. Kuokota vitu kuwe mchana, na mtu mzima awepo. Na taa za nyota za kartoni zisitiwe mshumaa ndani ya nyumba ya nyasi au shitingi. Tochi ya betri au taa ya jua inawaka vilevile. Ukiipaka karatasi ya nyota tone la mawese, mwanga unapita kama kwenye kioo.

Tuseme basi una franka 10,000, ambazo kutegemea siku ya kubadilisha ni dola tatu na kitu au nne na kitu, na watoto wanne nyumbani. Si bei za soko ninazotoa hapa, ni mgawanyo tu. Ningetenga 3,000 za sabuni na kitambaa cha kupangusia, 4,000 za kalamu nene za nta, 2,000 za mchango wa rimu ya pamoja, na 1,000 iliyobaki ibaki mfukoni, kwa sababu kila safari ya sokoni ina kitu chake. Ukiwa na 5,000 tu, usinunue nusu ya kila kitu. Nunua kalamu na sabuni, na karatasi utoe kwenye makaye ya mwezi wa saba. Ukiwa na 20,000, nyingine 10,000 zisiende kwenye boksi kubwa la rangi wala gari la plastiki. Mpe seremala malipo ya awali ya chukudu, na mapema, kwani katikati ya Desemba meza na viti vya sikukuu vitamjaa.

Mwenye ndugu Goma anayekwenda Birere amtume Novemba, kabla bei za Noeli hazijapanda. Mama atakayepokea rimu ya likelemba aifunge kwenye plastiki na kuiweka juu ya kabati, mbali na dari inayovuja na mbali na ile gundi ya muhogo. Karatasi iliyonyonya unyevu inajikunja, kalamu ya nta haishiki vizuri juu yake, na Pasaka ikifika itabidi zinunuliwe tena moja moja.